Chai ya Mkutano Haikatwi

Kila Januari, tunapokaa kupitisha bajeti ya umoja wa wakazi wa mtaa wetu nje kidogo ya mji wa Kitale, kuna mzee mmoja aliyestaafu kazi ya benki ambaye husimama na kalamu nyekundu mkononi na kuomba kifungu kimoja kifutwe. Si mishahara ya masoja, si tokeni za taa. Anataka tufute chai: maziwa, sukari, majani, mandazi na njugu za Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. "Mama mweka hazina," huniambia kwa adabu zake zote, "sisi si watoto wa nasari. Kila mtu ana chai kwake." Nami humjibu vilevile kila mwaka: mzee wangu, ukiifuta chai utafuta na mishahara ya masoja, ila hutajua mpaka Machi.

Nieleze ni kwa nini nashikilia hivyo, maana jambo hili haliko mtaani kwetu tu. Kutoka Kitale hadi Bungoma kuna mitaa mingi ya namna yetu, iliyojengwa ploti kwa ploti na walimu, wauguzi, makarani, polisi na wafanyakazi wa viwandani waliomaliza kazi na kutafuta pahali pa kutulia. Hakuna kampuni iliyotujengea. Kila mmoja alikuja na kiinua mgongo chake. Sheria ya pensheni ya zamani ilimruhusu mstaafu wa serikali kuchukua robo ya pensheni yake kwa mkupuo, na wengi wetu robo hiyo ndiyo iliyogeuka mabati na matofali. Wazee wetu walistaafu wakiwa na miaka 55. Tangu 2009 umri wa kustaafu serikalini ni 60, kwa hiyo siku hizi mtu anahamia nyumba yake mpya magoti yakiwa yameshaanza kulalamika.

Kwa nini Kitale? Wengi wetu tuliozaliwa Bungoma, huko Chwele, Kimilili au Sirisia, tulikuta mashamba ya nyumbani yamegawanywa kwa ndugu hadi yakabaki vipande. Trans Nzoia iko jirani, mvua inanyesha, mahindi yanakubali, na ukiugua hospitali haiko mbali. Wala si sisi wa kwanza kuja kuzeekea hapa. Kanali mmoja Mwingereza, Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake ya wadudu na vitu vya kale mwaka 1926 na akakusanya mpaka alipofariki mwaka 1966. Mkusanyo huo ndio uliozaa Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa 1974. Nikiwapeleka wajukuu kule huwaambia: mnaona, mstaafu akipata kitu cha kumshughulisha, anaweza kujaza jumba.

Sasa tuje kwenye pesa.

Mwenye nyumba ndani ya jengo la ghorofa kule Nairobi ana sheria nyuma yake, na mbele yake pia. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa nyumba moja moja ndani ya jengo la pamoja inasema wenye nyumba wote ni wanachama wa shirika la jengo lao, wapende wasipende, na kila mmoja anachangia gharama kwa kadiri ya sehemu yake. Asipolipa, shirika linaweza kumdai kama mdeni mwingine yeyote. Sisi wa ploti hatuna hilo. Kila mtu ana hatimiliki yake na lango lake. Umoja wetu ni kikundi cha hiari, kimesajiliwa kama vikundi vingine vya jamii, ambavyo tangu 2022 vina sheria yake na vinatakiwa kuwa na watu wasiopungua kumi. Cheti tunacho, kimetundikwa ukutani kwa katibu. Lakini cheti hakimlazimishi mtu kutoa hata shilingi moja. Jirani akisema hataki, hataki. Na usiku soja atalinda lango lake vilevile, maana mwizi akiingia kwake ameingia kwetu.

Tuchukue hesabu nyepesi, mtaa wa nyumba 60, kila nyumba shilingi 1,000 kwa mwezi. Hizo ni 60,000. Masoja wawili, kila mmoja mshahara wa 20,000. Wengi hudhani gharama inaishia hapo. Haiishii. Ukimwajiri soja wewe ni mwajiri kama kiwanda kilivyo mwajiri: NSSF inataka asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwako, yaani 1,200 yenu juu ya mshahara. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 yake na 1.5 yenu, shilingi 300 nyingine. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, nayo inakatwa kwa soja mwenyewe, 550, lakini ni ninyi mnaopaswa kuiwasilisha. Kwa hiyo soja wa 20,000 anawagharimu 21,500, na wawili ni 43,000. Wekeni kijana wa kubeba taka 6,000 na tokeni za taa za barabarani 3,000. Jumla 52,000. Mmebakiwa na 8,000.

Sasa nyumba 15 zisilipe. Mapato yanashuka hadi 45,000. Toa masoja, mna 2,000. Taka zinakaa, taa zinazimika, na lile lori la moramu mlilopanga kumwaga kabla ya mvua za Aprili linabaki kwenye kumbukumbu za mkutano. Robo tu ya watu imegoma, na mtaa umerudi gizani. Mitaa kama yetu haiuawi na wizi wa mamilioni. Wanaoiua ni hao kumi na watano.

Na usidhani wote ni wakaidi. Wengine pensheni yao ni ndogo na huongezwa asilimia 3 tu kila baada ya miaka miwili, huku bei ya unga haingoji miaka miwili. Kuna wazee wanaotegemea Inua Jamii, zile 2,000 za mwezi ambazo tangu 2018 hupewa waliotimiza miaka 70, na ambazo aghalabu huja zikiwa zimelimbikizana. Kuna walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2007, ambao Mahakama Kuu ya Nakuru iliamua mwaka 2008 walipwe nyongeza iliyotokana na makubaliano ya mishahara ya 1997. Wako waliozikwa wakiingoja. Mtu wa namna hiyo humpelekei barua ya madai. Unakaa naye, unamwandikia mpango wa 300 kwa wiki, na humtaji kwa yeyote.

Kundi jingine ni nyumba za watoto walio ng'ambo. Kijana yuko Qatar au Marekani, amewajengea wazazi nyumba nzuri kuliko zote mtaani, na wazazi wanasema mambo ya mchango muulizeni yeye. Hawa nimewapata kwa njia rahisi: picha. Lori la kokoto likimwaga, napiga picha mbele ya lango la mamake, namtumia. Pesa huingia kabla koleo halijaanza kazi.

Wanaobaki ni wale wenye uwezo na wasiotaka. Kwao ndipo chai inapofanya kazi yake.

Jumamosi yenyewe huenda hivi. Tunakaa kwa zamu, mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, chini ya mti au kwenye veranda mvua ikitisha. Mwenye zamu hupika, umoja hununua vifaa. Muuguzi wetu mstaafu huja na kipima presha chake na kukiweka mezani kando ya birika, na kabla mtu hajamimina kikombe cha pili ameshakunjiwa mkono wa shati. Wazee wawili hawakosi kugombana juu ya mchezo wa ajua. Halafu mwenyekiti hugonga meza, nami nafungua daftari na kusoma. Sisomi wadeni. Katiba yetu ya kurasa nne inanikataza, na ni vizuri, kwa sababu kumtangaza mzee mbele za watu ni kumfukuza mtaani. Nasoma waliolipa. Jina, mwezi, nambari ya risiti. Husoma polepole, nikitua kwa kila jina. Asiyesikia jina lake anajua, na aliyekaa karibu naye anajua, na kikombe chake bado kimejaa kwa hiyo hawezi kuondoka. Jioni hiyo simu yangu hulia ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine. Miezi miwili tuliyowahi kuacha kukutana kwa sababu ya mvua, makusanyo yalianguka kwa karibu theluthi moja, ingawa nilituma ujumbe wa kuwakumbusha watu kwa simu mara nne. Ujumbe wa simu hauna macho.

Lakini hata chai ina mipaka. Kinachomleta mkaidi wa mwisho ni matanga.

Sisi tuliokaa Kitale tunajua tutalala wapi. Baadhi watazikwa kwenye mashamba waliyonunua hapa hapa Trans Nzoia, lakini wengi watarudishwa Bungoma. Maana yake ni chumba cha maiti, jeneza, gari la maiti, basi la waombolezaji kupita Kiminini na Kamukuywa, mahema na viti, vipaza sauti, ng'ombe, mahindi ya ugali, kuni. Akiwa ni mzee wa Kibukusu mwenye wajukuu, baada ya maziko huenda akaitwa omuswala kumuse, yule mnenaji anayetembea huku na huko mbele ya umati na fimbo yake akisimulia historia ya watu na kuonya walio hai. Marehemu Manguliechi ndiye aliyejulikana kuliko wote kwa kazi hiyo. Umati wa kumuse si wa kuhesabu, na wote watakula. Familia ya mstaafu haiwezi peke yake. Watu wa ukoo watachanga, kanisa litachanga, na mtaa lazima uonekane umefika, na bahasha, na basi limejaa.

Kwa hiyo umoja wetu una mfuko wa pili. Mtu akifiwa na mwenzi, mzazi au mtoto, kila nyumba inatoa 1,000 ndani ya siku tatu, na kamati inampelekea yote kabla ya maziko. Kanuni ni moja: aliye na malimbikizo ya zaidi ya miezi mitatu kwenye mfuko wa masoja hapati bahasha ya matanga. Tutakwenda kumhani, tutaimba, tutakesha naye, mama zetu watapika. Bahasha hapana.

Kulikuwa na bwana mmoja, na simtaji, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiniambia kwamba yeye ana mbwa wawili na hahitaji soja. Mtu mstaarabu, nyumba safi, gari zuri. Mama mkwe wake akaugua. Ijumaa moja magharibi bodaboda ilisimama langoni kwangu, akashuka mwenyewe, hakutuma mtoto. Alikuwa amekunja noti ndani ya karatasi ya gazeti, malimbikizo yote na mwezi mmoja mbele. Akaketi, nikamwandikia risiti, akaikagua tarehe. "Mwalimu," akaniambia, "hali ya mgonjwa si nzuri." Hatukusema zaidi. Mama mkwe, kwa rehema za Mungu, alipona, na sasa ni yeye anayekuja kwenye chai kwa niaba ya binti yake. Bwana bado ana mbwa wawili na hajakosa mwezi tena.

Wapo wanaosema huu ni ukatili, kutumia kifo kudai pesa za taa. Nimewasikia, na nasema si ukatili ikiwa kanuni ilipitishwa na wote, imeandikwa, na ukurasa wake uko wazi kwa maskini kuomba nafuu kabla hajafikwa. Ukatili ni kumwacha soja miezi miwili bila mshahara kwenye baridi ya Kitale, na buti zake zimetoboka, kwa sababu wenye nyumba wanaoneana haya kudaiana.

Kosa ninaloliona mitaa mingine, Kitale na Bungoma pia, ni kuchanganya mifuko hii miwili. Kikapu kimoja, akaunti moja. Wiki ya misiba miwili pesa ya masoja inakwenda kwenye jeneza, na hakuna mwenye moyo wa kupinga. Mwezi unaofuata soja anaondoka. Mwezi wa tatu nyumba inavunjwa, na watu wanasema umoja hauna faida. Mifuko iwe miwili, madaftari mawili, na pesa isivuke kutoka mmoja hadi mwingine bila mkutano.

Kisha ni swali la nani anashika pesa. Vikundi vingi bado vinachangia kwa nambari ya simu ya mweka hazina. Huyo anaweza kuwa malaika, lakini simu huibwa, na malaika pia hufa. Akifa, pesa iko kwenye jina lake, na warithi wake hawajui ipi ni ya mtaa. Sisi tuna akaunti ya kikundi yenye waweka sahihi watatu, wawili lazima wasaini, na michango huingia moja kwa moja kwa nambari ya Paybill ya akaunti hiyo. Sipokei noti ila kwa mzee asiyejua simu, naye hupata risiti ya karatasi papo hapo. Walimu wa huku wanaielewa nidhamu hii kwa sababu wamelelewa na ushirika: Bungoma kuna Ng'arisha Sacco, iliyoanza kama sacco ya walimu. Tofauti ni kwamba sacco za namna hiyo zinasimamiwa na mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2008, na kuna mtu wa serikali wa kuuliza vitabu viko wapi. Umoja wa mtaa hauna wa kumwuliza ila wanachama wake. Ndiyo maana mzee wangu wa kalamu nyekundu, pamoja na uadui wake kwa chai, ndiye niliyempendekeza awe mkaguzi. Hupitia taarifa ya benki mstari kwa mstari na hana haya.

Jambo ambalo hata sisi hatujalifikia ni akiba ya matengenezo makubwa. Pampu ya kisima itaungua siku moja. Kalavati la barabara ya kuingilia litakwenda na maji. Tunajua, na kila mwaka tunasema mwakani. Wenzetu wa Marekani, ambako biashara ya mitaa ya wazee ni kongwe tangu Del Webb alipofungua Sun City kule Arizona Januari 1960, nao wana ugonjwa huo huo. Jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, lilianguka usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Shirika la wenye nyumba lilikuwa limeshaambiwa na mhandisi tangu 2018 kwamba zege lina kasoro, na ukarabati wa mamilioni ya dola ukabishaniwa kwa miaka kwa sababu kila nyumba ingelipishwa sehemu kubwa. Sheria walikuwa nayo na shirika walikuwa nalo, lakini akiba haikutosha. Sisi kalavati letu haliwezi kuua watu 98, lakini gari la wagonjwa lisipopita usiku wa mvua linaweza kumuua mmoja, na mtaani kwa wastaafu gari la wagonjwa si mgeni.

Ndugu zangu waliostaafia kijijini Bungoma hunicheka kwa madaftari haya. Kwao mlinzi ni mbwa na majirani ni ukoo. Lakini nikikaa nao siku mbili nasikia hesabu ile ile kwa majina mengine: chama cha akina mama cha Alhamisi, mchango wa kanisa, mchango wa ukoo, karo ya mtoto wa marehemu. Wao wana deni la damu linalowadai. Sisi wa mtaani tulikutana ukubwani, kutoka makabila na kazi mbalimbali, na hatukuwa na deni lolote kati yetu. Ilibidi tulitengeneze, na tulilitengeneza juu ya meza ya chai, kwa kupimana presha na kujua nani hakuonekana leo. Mwaka jana mjane mmoja hakuja Jumamosi wala hakuomba udhuru; saa kumi jioni watu watatu walikuwa langoni kwake. Alikuwa ameanguka bafuni tangu asubuhi. Leo anatembea kwa fimbo, na ni zamu yake kutukaribisha mwezi wa Mei. Hakuna soja ambaye angegundua hilo, maana soja hukaa nje ya lango.

Kama mtaa wako hauna umoja, anza na watu kumi, daftari mbili, waweka sahihi watatu, na birika. Akiba ya pampu ianze mwezi huo huo, hata kama ni shilingi 50 kwa nyumba. Na kwa majirani zangu wanaosoma haya: michango ya mwezi inafungwa tarehe 5, mkutano ni Jumamosi, na maziwa yameshalipiwa.